Uozo wa Samaki, Uozo wa Mti

Kiswahili kina haraka na neno kuoza. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali fupi, hukumu fupi, kazi imeisha. Ken Walibora alipokiita kitabu chake Kidagaa Kimemwozea mwaka 2012, hakuhitaji kumfafanulia Mkenya yeyote jina hilo. Tulisikia harufu kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Waliokisoma kwa ajili ya KCSE waliandika insha kwamba Mtemi Nasaba Bora ni kielelezo cha uongozi uliooza, wakapata alama zao, wakaondoka na somo moja kichwani: kilichooza hutupwa, tena mapema, kabla hakijaambukiza vingine.

Somo hilo tumelibeba hadi mitaani na mitandaoni. Serikali imeoza. Kanisa limeoza. Chuo kimeoza. Wazee wameoza. Ukishatamka neno hilo mjadala umefungwa, manake hakuna anayeuliza samaki aliyeoza amebakisha nini.

Mimi nataka kuuliza. Huo ni uozo wa samaki, na duniani kuna uozo mwingine. Samaki huoza kwa siku mbili. Mti unaweza kuanza kuoza kabla nyanya yako hajaolewa, ukaendelea kuoza huku ukitoa maua kila msimu, na bado ukawatilia waombolezaji kivuli siku ya mazishi yake. Fasihi yetu imejaa miti mizee, lakini miti inayokumbukwa zaidi iko katika hali mbili tu: mti mtakatifu uliosimama, na mti ulioanguka. Hali ya tatu, ambamo miti mingi huishi sehemu kubwa ya uzee wake, ni mti ulio hai na ulioza kwa wakati mmoja. Hiyo hatujajifunza kuisoma. Na huku kwetu Kisii na Nyamira, kutojua kuisoma kunaangusha miti isiyostahili kuanguka, na kunaacha imesimama ile inayoweza kuua mtu.

Niliacha chuo. Naandika kwa malipo ya hapa na pale, na wiki ambazo hakuna mhariri anayejibu, hushika kamba kwa fundi mmoja wa msumeno upande wa Nyamira. Yeye hupanda, mimi hubaki chini na kamba inayoshusha tawi polepole lisije likapiga mabati ya mtu. Namwita tata, kama tunavyowaita wanaume wa umri wa baba zetu. Sijawahi kumsikia akisema "mti huu umeoza" kisha akanyamaza hapo. Kwanza huuzunguka. Huangalia kama udongo umeinuka upande mmoja. Hutafuta uyoga. Halafu huligonga shina kwa kisigino cha shoka, kutoka chini kwenda juu, sikio likiwa karibu na gome.

"Hapa ni debe," huniambia. "Hapa ni ukuta. Sasa niambie, mwanangu, hili debe lina ukuta wa upana gani?"

Hilo ndilo swali bora la uhakiki nililowahi kuulizwa, na halikutoka kwa mhadhiri.

Ili uone ubora wake, lazima ujue mti umejengwaje. Sehemu kubwa ya shina la mti mzee si hai. Uhai uko pembeni: utando mwembamba chini ya gome, na mbao changa inayopandisha maji. Katikati kuna moyo wa mti, mbao iliyokwisha kufa ambayo kazi yake iliyobaki ni kubeba uzito. Kuvu huingilia kwenye jeraha, kwa mfano tawi lililovunjika au mzizi uliokatwa na greda ya barabara, na kuanza kula moyo huo. Ipo kuvu inayokula lignini, ikaacha mbao nyeupe, laini, yenye nyuzi, inayopinda kabla ya kuvunjika. Ipo inayokula selulosi, ikaacha mbao ya kahawia inayomeguka vipande vya mraba kama mkate uliokauka. Hiyo huvunjika ghafla, bila kuaga. Uyoga mgumu unaouona ubavuni mwa shina, umekaa kama kibao cha rafu, ni tunda tu. Mwili wenyewe wa kuvu uko ndani, na huenda umekuwa huko miaka mingi. Ganoderma, kwa mfano, hupenda kitako cha mti, na ikikomaa hunyunyizia majani yaliyo chini yake vumbi la kahawia mfano wa unga wa kakao. Ukiliona vumbi hilo, ujue unasoma sura ya kumi, si ya kwanza.

Lakini mti haukai tu ukiliwa. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alianza mwaka 1959 kupasua miti kwa urefu kwa msumeno wa injini, miti kwa maelfu, ili aone uozo unasafiri vipi ndani yake. Alichoeleza kwenye maandishi yake ya 1977 kilibadilisha kazi hii duniani kote: mti haujitibu kama ngozi yako inavyojitibu. Hauondoi sehemu mbaya na kuweka mpya. Unajenga kuta kuzunguka jeraha, kisha unakua nje ya kuta hizo. Kilichooza kinabaki ndani, kimezungushiwa ua. Kuta zikishika, mti unakuwa na pango katikati na bado unasimama, kama vile bomba la chuma lisivyohitaji kujazwa ili libebe mzigo. Zikishindwa, uozo unafika ukingoni, penye uhai.

Ndiyo maana tata anauliza upana wa ukuta. Kwamba kuna uozo, hilo halina ubishi. Anachotafuta ni mambo matatu: kimebaki nini, kinabeba uzito gani, na kikishindwa kitaangukia wapi.

Hebu tubebe maswali hayo hadi kwenye rafu ya vitabu. Tuanzie mbali kidogo, Ghana. Kati ya riwaya za Afrika zinazotajwa sana pakisemwa uozo ni The Beautyful Ones Are Not Yet Born ya Ayi Kwei Armah, iliyotoka 1968. Ndani yake mna kipande maarufu kuhusu mbao ya kushikilia kwenye ngazi za ofisi, ambayo imeoza ndani na inameza kila polishi inayopakwa kuifufua. Ni uandishi wenye nguvu. Ukimaliza unataka kunawa mikono. Ila angalia Armah amechagua nini. Amechagua mbao. Mbao ni mti uliokwisha kufa: haina utando wa uhai, haijengi kuta, uozo wake hauna mpinzani. Ukiipa nchi mfano huo, umeamua kabla ya kuanza kwamba nchi ni maiti, na kazi ya msomaji ni kuziba pua. Ile mbao ya Armah na kidagaa chetu ni ndugu.

Kwa Ngũgĩ wa Thiong'o tunapata upande wa pili. Hadithi yake "Mugumo", iliyomo katika mkusanyiko Secret Lives wa 1975, inamfuata Mukami, mke asiye na mtoto anayekimbia kipigo cha mumewe usiku na kujikuta chini ya mugumo. Hapo anapata maono, na anaelewa kwamba tayari ana mimba. Katika The River Between ya 1965, penye mugumo ndipo Chege anampeleka mwanawe Waiyaki kumkabidhi unabii. Miti hii ni mizee na mikubwa, lakini haisimuliwi kama kiumbe kinachokula, kinachougua na kinachojitetea. Inasimuliwa kama mlango: unaingilia hapo kwenda kwa Murungu na Mumbi, kisha unaufunga. Mshika kamba ndani yangu anatamani kumwambia Mukami asilale chini ya tawi asilolichunguza. Huo ni utani, lakini una ukweli wake. Ukishaufanya mti kuwa mtakatifu mno, huwezi tena kuutazama juu.

Na kisichotazamwa hakitunzwi. Kama Abagusii tulivyo na Sakagwa, nabii anayesimuliwa kuwa aliona ujio wa wazungu kabla hawajafika, Wakikuyu wana Mugo wa Kibiru. Inasimuliwa alitabiri kwamba utawala wa wakoloni ungeisha siku mugumo mmoja wa Thika utakapoanguka. Inasimuliwa pia kwamba wakoloni, kwa kuogopa unabii huo, waliuzungushia mti ule pete ya chuma usianguke. Ukaanguka mwaka 1963. Hadithi hii tunaisimulia kwa kicheko, na inastahili kicheko. Lakini ukiisoma kwa jicho la fundi, unaona kitu kingine: pete hushika gome, haigusi uozo. Mtu aliyeogopa kuanguka kwa mti alishughulikia nje yake tu. Ni siasa ile ile ya polishi ya Armah, safari hii juu ya mti ulio hai.

Novemba 2020 serikali ilisoma mti mwingine. Mugumo wa zaidi ya miaka mia moja kwenye Waiyaki Way, Nairobi, ulikuwa kwenye njia ya barabara mpya ya juu. Watu wakapiga kelele, na tamko la rais likauokoa. Ukakabidhiwa NMS, shirika lililokuwa likiendesha huduma za jiji, uutunze. Wengi walishangilia, mimi mmoja wao. Lakini NMS yenyewe iliundwa 2020 na kufikia mwisho wa 2022 haikuwepo tena. Mti uliishi muda mrefu kuliko mlinzi wake. Kuokoa ni tendo la siku moja, lenye kamera. Kutunza mti mzee ni kuja kila mwaka na shoka la kugongea, bila kamera, na kuuliza debe lina ukuta wa upana gani.

Mwandishi aliyekaribia zaidi kuusoma mti wenyewe ni Wangari Maathai. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, za mwaka 2006, anaeleza mugumo uliokuwa karibu na kwao Ihithe, Nyeri, ambao mamake alimkataza kuokota kuni zake kwa sababu ni mti wa Mungu. Karibu nao palikuwa na kijito alichochezea utotoni. Baadaye shamba likapata mwenyewe mpya, ambaye aliona mti unamlia nafasi, akaukata ili apande majani chai. Kijito kikakauka. Na pale mti uliposimama, anasema Maathai, pakabaki upara ambapo hakuna kilichomea, kana kwamba ardhi imekataa kitu kingine chochote.

Wasomaji wengi huupitia upara huo kama laana. Mtu aliyekulia kwenye majani chai ya Nyamira anasimama hapo na kusoma tena. Wakulima wa kuanzia Kebirigo hadi Nyansiongo wanaujua upara wa aina hiyo. Ukikata mti mkubwa na kuacha kisiki na mizizi ardhini, kuvu inayoitwa Armillaria inaweza kuigeuza mizizi hiyo kuwa ghala la chakula. Kutoka hapo inapita kwenye mizizi ya michai iliyo jirani. Mchai unaanza kunyong'onyea, shina lake linapasuka karibu na udongo, na ukibandua gome unakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Unakufa mmoja, kisha wa pembeni yake, mpaka unakuwa na duara tupu katikati ya kijani. Wataalamu wa chai hushauri kubandua gome la mti kuzunguka shina muda mrefu kabla ya kuukata, ili mizizi itumie wanga wake wote na kuvu ikose chakula, kisha visiki na mizizi ing'olewe.

Siwezi kupima udongo wa Nyeri kwa kusoma kitabu, na sidai kwamba upara wa Maathai ni Armillaria. Ninachosema ni kwamba usomaji huu upo, uko karibu, na haumpunguzii mwandishi hata chembe. Unamwongezea. Laana inatuambia mti ulikuwa wa Mungu. Kuvu inatuambia namna ya kuukata ilikuwa ya pupa, na kwamba ardhi huweka kumbukumbu ya pupa hiyo chini, mahali ambapo jicho halifiki, kisha humlipisha aliyepanda baadaye. Mamake Maathai na mtaalamu wa chai wanakataza jambo moja kwa lugha mbili.

Hapa pia ndipo lazima niwape samaki haki yao. Kuna uozo wa mti unaofanya kile hasa methali inachosema. Armillaria haikai ndani ya ua; inatembea kwa mizizi kutoka aliyekufa hadi aliye hai. Kwa hiyo sisemi tusamehe kila kilichooza kwa sababu bado kimesimama. Hiyo ingekuwa zawadi kwa kila kiongozi mwizi: atasema yeye ni mti mzee, ana pango tu, mwacheni. La. Nasema tuchunguze kabla ya kuhukumu. Uozo uliozungushiwa kuta ni kitu kimoja. Uozo unaosafiri ni kitu kingine. Taasisi ambayo kosa lake la zamani linajulikana, limeandikwa, na watu wamejenga utaratibu mpya kulizunguka, si sawa na taasisi ambayo kila mgeni anayeingia anaambukizwa. Neno letu moja, kuoza, linazitupa zote mbili kwenye pipa moja.

Huku nyumbani jambo hili si la nadharia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye vilima ambavyo mashamba yamegawanywa baba kwa mwana mpaka mengine hayageuzi ng'ombe. Mti mzee hapa haukai porini. Unasimama juu ya urithi wa mtu, juu ya mahindi ya mtu, juu ya choo, juu ya darasa. Mji wa Kisii wazee bado huuita Getembe, na ule mti wa maua mekundu wenye gome la miiba tunauita omotembe. Yatamke mfululizo majina hayo mawili uone yanavyosikika kama ndugu. Lakini tembea mjini leo uhesabu miti mizee iliyobaki. Vidole vyako vitatosha, au vitakaribia.

Na iliyobaki tunaihukumu kwa uozo wa samaki. Uyoga ukionekana kwenye shina uwanjani mwa shule, watu wanashtuka na mti unakatwa kabla ya Ijumaa, hata kama ukuta wake ungeweza kushika miaka mingine ishirini. Usipoonekana uyoga, hakuna anayeinua macho mpaka tawi lishuke wakati wa mapumziko. Halafu kuna hukumu ya katikati, mbaya kuliko zote: kuukata mti kichwa. Unaona mijakaranda chini ya nyaya za umeme, imekatwa juu ikabaki nguzo. Mkataji anaondoka akiamini amepunguza hatari. Mwaka unaofuata nguzo inachipua vijiti vingi vilivyoshikilia gome la nje tu, vinanenepa haraka, na chini yake majeraha mapana ambayo mti hauwezi kuyazungushia ukuta yanaoza kwenda chini. Hatari imepandwa upya, kwa malipo.

Kupogoa kwa kweli ni kazi ya adabu. Kwenye shingo ya kila tawi kuna uvimbe mdogo, mahali ambapo mti umejiandaa kujenga ukuta wake. Ukikata ndani ya uvimbe huo, sawasawa na shina, umebomoa ukuta. Ukikata mbali ukaacha kigingi, umeiachia kuvu daraja. Unakata nje kidogo tu ya uvimbe, na tawi zito unalipunguza kwanza ili lisichane gome likianguka. Hupaki rangi wala lami. Shigo alionyesha hazizuii uozo. Unamwachia mti kazi yake.

Nimefikiri sana kwa nini lugha tajiri kama yetu imeacha kazi hii yote bila fasihi. Hata methali yetu nzuri kuhusu mti mzee, mti mkuu ukianguka wana wa ndege huyumba, inaanza hadithi mwishoni. Miaka arobaini ambayo ndege walitaga mayai ndani ya pango la mti huo, pango lililochimbwa na kuvu, haimo. Tena ni uozo uliowapa ndege nyumba.

Lakini ipo methali moja iliyolijua jambo hili, na Said Ahmed Mohamed aliichukua kuwa jina la riwaya yake ya 1980: Dunia Mti Mkavu. Kwa ukamilifu, dunia ni mti mkavu, kiumbe usiulemee. Huwa tunaifundisha kama methali ya kukata tamaa: dunia haina maana, usiitegemee. Isikilize tena. Haisemi mti utupwe. Haisemi wote wameoza. Haisemi ni mtakatifu usiguswe. Inazungumzia uzito. Inakuambia umefika penye kitu kizee, chenye mipaka, ambacho bado kimesimama, na kwamba jukumu lako ni kujua ukiegemee kwa kiasi gani. Aliyeitunga alikuwa amewahi kugonga shina na kusikiliza.

Kwa hiyo mara nyingine ukiona mtu ameandika kwamba kitu fulani kimeoza, iwe ni chama, dini, chuo au ukoo wako, mwombe aendelee. Uozo umeingilia jeraha gani? Umefika wapi? Unasafiri au umezungushiwa ua? Kilichobaki kinabeba nani, na kikianguka kitamwangukia nani? Akiweza kujibu, mpe msumeno. Asipoweza, mwache ashike kamba kwanza.